UKINGO WA BAMBA NI SHAHIDI
Mkata chuma kwa leza ajue kuusoma, ili kazi iwe safi na mshahara usikatwe bure

Katika kuzunguka kwangu kwa kazi ya chama, kutoka huku Kiyeyi mpaka Tororo, Malaba na Busia zote mbili, lipo lalamiko moja ambalo zamani sikulisikia na sasa nalisikia mara kwa mara. Kijana anaajiriwa katika karakana ya kukata mabamba ya chuma kwa mashine ya leza. Anaonyeshwa mashine kwa siku mbili au tatu, kisha anaachiwa. Bamba likiharibika, msimamizi anaandika jina lake kitabuni, na mwisho wa mwezi mshahara wake unapungua. Akiuliza kosa lake ni lipi, anajibiwa: "Mashine haikosei. Aliyekosea ni wewe."

Jibu hilo si la kweli. Mashine ya leza hukata vizuri au vibaya kwa sababu zinazojulikana, na nyingi ya sababu hizo haziko mikononi mwa yule anayebonyeza kitufe. Tena kila sababu huacha alama yake katika ukingo wa bamba lililokatwa. Mwenye kujua kuzisoma alama hizo hupata faida mbili: atatengeneza mkato ulio bora, na hatalipishwa kosa la mtu mwingine. Hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Mimi mwandishi wenu ni mtu wa darasa la saba. Haya nimeyapata kwa kusimama na mafundi, kuuliza na kuandika. Nimeyaeleza kwa namna ambayo hata ndugu wa shamba la miwa au la chai, ambaye hajaiona mashine hii, ataelewa.

KAZI YA CHUMA SI NGENI KWETU

Watu wa upande huu hawakuletewa chuma na meli. Milima ya Samia, inayotazama Ziwa Victoria, ilikuwa na mawe ya chuma, na Wasamia waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto wakafua majembe. Majembe hayo yalifika mbali katika nchi za kuzunguka ziwa. Mfua chuma alijua kwa rangi ya moto kama chuma kimeiva, na kwa sauti ya nyundo kama kina ufa. Hakuwa na kitabu, lakini alikuwa na elimu ya kazi yake, na hakuna aliyemwambia kwamba mvukuto haukosei.

Baadaye zikaja zana nyingine. Hata leo katika Kamukunji kule Nairobi, na Katwe kule Kampala, utawakuta mafundi wakikata bamba kwa mkasi, tindo na nyundo, wakatoa masanduku, majiko na karai. Kwa mabamba mazito tunatumia gesi ya asetilini na oksijeni. Sasa imekuja leza.

Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyefanya kazi huko huko Marekani, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwezi wa Mei 1967, nchini Uingereza, Peter Houldcroft akapata wazo la kupuliza oksijeni pamoja na mwale wa leza, na akakata bamba la chuma lenye unene wa milimita 1. Ukitazama vizuri, ni wazo lile lile la mvukuto wa Samia: moto peke yake hautoshi, sharti upate pumzi.

LEZA HUKATAJE?

Mtoto akishika kioo cha kukuzia juani, akakusanya miale ya jua mahali pamoja juu ya nyasi kavu, nyasi zitawaka. Leza ni jambo la namna hiyo, lakini nuru yake ni ya aina moja tu na ina nguvu nyingi mno. Lenzi iliyo katika kichwa cha mashine huikusanya nuru hiyo mpaka inakuwa doa dogo kuliko nusu ya milimita. Mahali hapo chuma kinafika karibu digrii 1,500 na kuyeyuka. Wakati huo huo gesi inapulizwa kwa nguvu kupitia tundu dogo liitwalo nozeli, nayo inasukuma chini chuma kilichoyeyuka. Kichwa kinatembea, na nyuma yake mfereji mwembamba unabaki. Huo ndio mkato.

Basi kumbukeni kwamba kazi ni mbili kwa wakati mmoja: kuyeyusha na kufagia. Mkato mbaya ni pale ambapo kuyeyusha kumezidi kufagia, au kufagia hakukuwahi kuyeyusha. Ukilishika hilo, mengine yote ni rahisi.

MAMBO MATANO YANAYOTENGENEZA MKATO

Jambo la kwanza ni nguvu na mwendo. Haya mawili ni mapacha. Bamba nene linataka nguvu zaidi au mwendo wa polepole. Bamba jembamba linaruhusu mwendo wa haraka. Mwendo ukizidi, mwale haufiki chini vizuri, na chuma kilichoyeyuka kinaganda chini ya ukingo. Vipande hivyo vilivyoganda katika makala hii nitaviita ndevu. Mwendo ukipungua mno, joto linakaa mahali pamoja, mfereji unapanuka, ukingo unaungua na pembe zinayeyuka.

Jambo la pili ni fokasi, yaani mahali ambapo miale inakutana na kuwa doa dogo kabisa. Katika kukata chuma cha kawaida kinene kwa oksijeni, mara nyingi fokasi huwekwa juu kidogo ya uso wa bamba. Katika kukata chuma kisichoshika kutu kwa nitrojeni, huwekwa chini ya uso, ndani ya bamba. Fokasi ikihama hata milimita 1, mkato unabadilika.

Jambo la tatu ni gesi. Oksijeni husaidia kwa sababu chuma chenyewe kinaungua ndani yake na kuongeza joto. Kwa hiyo presha yake ni ndogo. Lakini inaacha ngozi nyeusi juu ya ukingo, na rangi ikipakwa juu ya ngozi hiyo hubanduka. Nitrojeni haiunguzi kitu, inafagia tu, kwa hiyo inataka presha kubwa, mara nyingi kati ya baa 10 na 20, nayo inaacha ukingo mweupe unaong'aa. Karakana nyingine hutumia hewa ya kompresa kwa sababu ni rahisi kwa bei. Inafaa kwa mabamba membamba, mradi hewa hiyo ichujwe maji na mafuta.

Usafi wa gesi si jambo dogo. Mafundi wa asetilini wanajua kwamba oksijeni ya kukatia inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.5 au zaidi. Ikipungua usafi kwa asilimia 1 tu, mwendo wa kukata hushuka kwa karibu robo nzima. Kwenye leza pia, gesi chafu haifichiki.

Jambo la nne ni nozeli na lenzi. Nozeli inatembea karibu sana na bamba, umbali wa kama milimita 1. Tundu lake likiwa limepondeka, au mwale usipopita katikati yake, gesi inapuliza upande mmoja kuliko mwingine. Lenzi au kioo cha kuikinga kikiwa na vumbi au alama ya kidole, kinakula nguvu ya mwale, kinapata joto, na fokasi inahama yenyewe wakati kazi inaendelea. Ndiyo maana mashine hukata vizuri asubuhi na kuharibu saa nane mchana, huku namba katika kioo cha mashine ni zile zile.

Jambo la tano ni bamba lenyewe na kitanda chake. Kutu, rangi, mafuta na magamba ya kiwandani hufanya mwale uruke na mkato uwe na mashimo. Bamba lililopinda hubadilisha umbali wa nozeli. Meno ya kitanda yaliyojaa chuma kilichoganda hurudisha uchafu chini ya bamba. Nao umeme unaopanda na kushuka, bila stabilaiza, hufanya nguvu ya leza iyumbe.

Sasa hesabuni wenyewe. Nani hununua gesi? Nani hununua bamba? Nani huamua lini nozeli ibadilishwe? Nani huagiza mwendo uongezwe? Mara nyingi si kijana anayebonyeza kitufe.

KUSOMA UKINGO

Chukua kipande kilichokatwa, kigeuze kwenye mwanga, pitisha jicho lako juu ya ukingo. Utaona mistari myembamba inayoteremka kutoka juu kwenda chini. Mistari hiyo ndiyo maandishi ya mashine. Isomeni hivi:

1. Mistari ni myembamba, imekaribiana, karibu imesimama wima, na chini hakuna ndevu. Mkato ni mzuri. Andika namba zote za mashine.

2. Mistari inapinda kurudi nyuma kadiri inavyoshuka, na chini kuna ndevu. Mwendo umezidi. Kama bado mashine inakata, tazama cheche chini ya bamba: zikilalia nyuma badala ya kushuka, habari ni hiyo hiyo.

3. Mfereji ni mpana, ukingo una mabonde, pembe zimeungua. Mwendo ni mdogo mno, au nguvu imezidi. Hapa cheche huwa chache na zimejikusanya pamoja.

4. Ndevu ziko upande mmoja tu wa mkato, upande wa pili ni safi. Nozeli haiko katikati au tundu lake limeharibika.

5. Ndevu ziko pande zote na ni ngumu kuondoka. Tazama presha ya gesi, usafi wa gesi na fokasi.

6. Chuma kisichoshika kutu kimekatwa kwa nitrojeni na ukingo umekuwa wa manjano au kahawia badala ya mweupe. Oksijeni imeingia mahali. Gesi si safi, au mpira unavuja.

7. Mkato ni mzuri mwanzo wa bamba na mbaya mwishoni. Tazama lenzi, maji ya kupoza mashine, na joto lililojaa katika bamba kwa kukata vipande vinavyofuatana karibu karibu. Panga vipande viruke ruke, bamba lipate kupumua.

8. Mashimo yametokea hapa na pale bila mpango. Tazama uso wa bamba: kutu, rangi au magamba.

Kuhusu matundu, ipo kanuni ya zamani ya mafundi: ukikata kwa oksijeni, usifanye tundu dogo kuliko unene wa bamba. Nao mchomo wa kwanza wa kuingia bamba ufanywe pembeni, katika sehemu itakayotupwa, kisha mwale uingie kwenye mstari wa kazi. Ukichoma juu ya mstari wenyewe, kovu litabaki katika kipande cha mteja.

Duniani kuna kipimo kinachokubaliwa cha mikato ya namna hii, kiitwacho ISO 9013. Kinapima mambo mawili makubwa: ukingo umesimama wima kiasi gani, na una mikwaruzo kiasi gani. Unyoofu una madaraja 5, na mikwaruzo ina madaraja 4. Kwa hiyo neno "kazi mbaya" si la kutamkwa na msimamizi kwa hasira tu. Lina kipimo. Mkiambiwa kazi ni mbaya, ulizeni: mbaya kwa daraja gani, na mteja aliagiza daraja gani?

JINSI YA KUTAFUTA MKATO BORA

Kanuni ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mwendo na presha kwa pamoja, mkato ukipona hutajua ni dawa gani iliyoponya.

Anza na usafi. Safisha kioo cha lenzi kwa kitambaa na dawa yake, si kwa shati lako. Hakikisha nozeli ni nzima. Bandika utepe wa karatasi kwenye mdomo wa nozeli, piga mwale mmoja mdogo, uone kama tundu limetokea katikati ya duara. Hakuna mtu aingize mkono wakati huo. Likiwa pembeni, rekebisha kwanza kabla ya kugusa jambo lingine lolote.

Kisha chukua kipande cha skrepa cha bamba lile lile, wala si bamba jingine, ukate mistari mifupi. Kila mstari ongeza mwendo kwa asilimia 5. Utafika mahali ndevu zinaanza. Rudi nyuma hatua moja au mbili. Hapo ndipo mwendo wako ulipo. Halafu fanya hivyo hivyo kwa fokasi, kisha kwa presha. Kazi hii inachukua dakika chache na inaokoa mabamba mengi.

Wapo wasimamizi watakaosema kwamba dakika hizo ni hasara. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umeongezewa mwendo, na kila kipande kinaokoa sekunde 10. Kwa vipande 100 umeokoa sekunde 1,000, ambazo hazifiki dakika 17. Lakini kama vipande hivyo vimetoka na ndevu, na kila kimoja kinahitaji dakika 1 ya kusagwa kwa grainda, umepoteza dakika 100, pamoja na jiwe la grainda, umeme na kelele. Haraka haraka haina baraka, na katika karakana maneno haya yana hesabu yake.

Ndugu zetu wa mashambani wanalijua jambo hili bila kuambiwa. Mkata miwa aliyeharakishwa kwa panga butu hupasua shina, na utamu unapotea kabla lori halijafika kiwandani. Mwenye panga kali na mwendo wake hukata mara moja, safi. Na vipuri vingi vya viwanda vya sukari na chai, kama vikingio vya minyororo na mabamba ya kuchujia, hukatwa katika mabamba. Kipuri kikija na ndevu, mkono utakaochanika ni wa fundi mwenzetu anayekifunga.

HABARI YA KARAKANA MOJA

Katika mji mmoja wa mpakani, karakana ambayo sitaitaja jina, vijana watatu walikuwa wakikata chuma kisichoshika kutu cha milimita 2. Kwa muda wa wiki nzima vipande vilitoka na ndevu ngumu, na ukingo ukawa wa manjano. Msimamizi akaandika mabamba 6 yalipwe na vijana hao watatu. Wakaja kwa chama.

Hatukwenda kupiga kelele. Tulimwomba mwajiri jambo moja: vipande visitupwe, kila kimoja kiandikwe tarehe na namba ya silinda ya gesi iliyotumika. Ikaonekana kwamba ubaya ulianza siku ile ile mitungi ilipotoka kwa mwuzaji mpya. Ukaletwa mtungi wa mwuzaji wa zamani. Kijana yule yule, mashine ile ile, namba zile zile. Ukingo ukatoka mweupe.

Mwajiri alikuwa mtu mwenye hesabu. Aliona kwamba hasara yake haikuwa vijana, bali gesi, na madai ya mabamba 6 yakafutwa. Lakini jiulizeni: kama vipande vile vingekuwa vimekwisha kutupwa kwenye skrepa, tungesema nini? Lingekuwa neno la msimamizi dhidi ya neno la kijana. Ukingo ndio uliotoa ushahidi.

DAFTARI LA MKATA CHUMA

Kwa sababu hiyo nawasihi kila anayefanya kazi hii awe na daftari. Si lazima liwe kubwa. Kila siku andika: tarehe, aina na unene wa bamba, gesi na presha yake, namba ya silinda, nozeli, fokasi, nguvu, mwendo, na mkato ulivyotoka. Halafu ongeza safu ya mwisho: nani aliagiza kubadilisha. Msimamizi akisema "ongeza mwendo," ongeza, lakini andika saa na neno lake. Daftari hilo litakufundisha kazi kuliko kitabu cha mashine, na siku ya mashtaka litasimama nawe. Mzungumzie mwajiri mapema, ili ajue kwamba ni daftari la kazi wala si la siri. Mwajiri mwenye busara atalifurahia, maana linamwokolea mabamba.

MACHO, MAPAFU NA PUMZI

Mkato bora haufai kitu kama umemwacha mfanyakazi kipofu. Mwale wa leza ya faiba, na ule wa kaboni dayoksaidi, hauonekani kwa macho. Ule wa faiba unapenya mpaka nyuma ya jicho na kuunguza bila kuuma. Mtu hajui mpaka aone doa jeusi mbele yake lisiloondoka. Mashine iliyofunikwa pande zote ni salama mradi milango na vioo vyake havikuchezewa. Mashine iliyo wazi, na ile ya kushika mkononi, ni hatari kwa wote waliomo ndani ya karakana, hata anayefagia. Miwani ya kujikinga iwe ya aina ya leza hiyo hiyo. Miwani myeupe ya kawaida, wala ya kulehemu, si kinga ya leza ya faiba.

Jambo lingine ni moshi. Mabati yamepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye digrii 907, kabla chuma hakijayeyuka. Anayevuta moshi wake anaweza, baada ya saa kadhaa, kupata baridi, kutetemeka, homa na maumivu ya mwili, kisha kupona katika siku moja au mbili. Huku kwetu Tororo na Busia, nchi ya malaria, kila homa huitwa malaria na mtu humeza vidonge. Ndugu, ukishikwa na homa jioni ya siku uliyokata mabati, nenda ukapimwe damu, na umweleze mganga kazi uliyofanya. Wala usiseme ni homa ya siku moja tu, ukazoea. Moshi wa chuma kisichoshika kutu ni mbaya zaidi, kwani una kromiamu inayoweza kuleta saratani. Karakana lazima iwe na feni ya kuvuta moshi pale pale unapotokea. Na bamba lenye plastiki ya PVC lisikatwe kwa leza, kwa sababu hutoa gesi ya asidi.

Tatu, gesi zenyewe. Nitrojeni haina harufu. Ikijaa katika chumba kilichofungwa inafukuza hewa ya kupumua, na mtu anaanguka bila onyo. Oksijeni nayo haipatani na mafuta: usiguse mdomo wa silinda kwa mkono wenye grisi.

SHERIA NA MAPATANO

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Uganda ina yake ya mwaka 2006. Zote mbili zinamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi na kuwapa mafunzo. Siku mbili za kuonyeshwa vitufe si mafunzo.

Kuhusu mshahara, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale tu mfanyakazi alipoharibu kwa makusudi. Shikeni neno hilo: kwa makusudi. Gesi chafu si makusudi ya mfanyakazi. Lenzi iliyochakaa si makusudi yake. Mwendo ulioagizwa na msimamizi si makusudi yake. Upande wa Uganda, usikubali kutia sahihi karatasi ya kukatwa mshahara kabla hujaionyesha kwa mwakilishi wako wa chama au kwa Afisa wa Kazi wa wilaya.

Mwezi wa Mei 2023 kule Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto katika ghasia, na mtu akapoteza maisha. Uchungu wa wachumaji tunaufahamu, kwani mashine iliingia shambani nao wakabaki nje ya lango. Lakini majivu hayana mshahara. Njia yetu ni kukaa mezani kabla mashine haijashushwa kwenye lori. Katika mapatano ya pamoja tudai mambo manne: kwanza, wafanyakazi waliopo wafundishwe mashine mpya kabla ya kuajiriwa wengine, pili, mafunzo yawe ya kutosha na yalipwe kama kazi, tatu, hakuna mshahara kukatwa kwa bamba lililoharibika kabla kipande hicho hakijachunguzwa mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, nne, miwani na feni za moshi zitolewe na mwajiri bila malipo.

Matawi yenye karakana za chuma, chagueni mtu mmoja mwenye macho makali na mwandiko mzuri, afundishwe kusoma ukingo, naye awafundishe wengine. Kipande kibaya kisiende kwenye skrepa kabla hajakitazama.

Ndugu wafanyakazi, mfua chuma wa Samia aliheshimiwa kwa sababu hakuna aliyeijua kazi yake kuliko yeye. Nasi tuijue kazi yetu hivyo hivyo, kisha tuende mezani tukiwa pamoja.

Umoja ni nguvu!